Moja ya Mbarara, Sufuri ya Nakivale

Wakati ule siku za kazi nilikaa mtaa wa Ruti, mjini Mbarara, katika chumba cha nyuma cha duka la dada mmoja Mwislamu anayetengeneza kompyuta. Wikendi nilirudi kwa mama, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mimi na dada huyo tulikuwa tunasaidia kutunza maktaba ya kusoma msimbo, yaani programu inayosoma maandishi ya programu nyingine bila kuiendesha. Ikikuta hesabu ya tarakimu tupu, kama nne mara nane, inabidi itoe jibu papo hapo. Hesabu hizo tuliziita thabiti, maana hazitegemei chochote na jibu lake halibadiliki.

Sehemu inayopiga hesabu hizo iliandikwa na mtu tusiyemjua, ambaye alikuwa ameacha kujibu ujumbe wetu.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nyumbani, naendesha majaribio ya maktaba hiyo kwenye simu yangu ya zamani, kwa kuwa kompyuta niliiacha dukani. Yote yalipita isipokuwa moja. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi: chukua moja, isogeze kushoto biti thelathini na mbili, yaani nafasi za sufuri na moja ambazo mashine hushikia namba. Dukani, jana yake, jibu lilikuwa moja. Simu ilisema sufuri.

Nikarudia. Sufuri. Nikaisoma herufi kwa herufi, hakuna kilichobadilika. Upepo wa ziwani ulikuwa unapiga shitingi, lile turubai la plastiki la ukutani, kisha ukakatika ghafla, na katika kimya kile nikahisi kama kuna mtu anasoma nyuma ya bega langu.

"Uko unaongea na nani humo?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Na simu, mama. Nahesabu."

"Na inakujibu?"

"Inajibu. Lakini ile ya Mbarara inajibu tofauti."

Mama akaja mlangoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Akaitazama simu bila kuisogelea.

"Swali moja, majibu mawili? Basi humo ndani kuna wawili."

Akafanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye sufuria yake. Nikampigia dada. Akaiendesha hesabu ileile nikimsikiliza.

"Hapa iko moja," akasema.

"Kwangu sufuri, dada."

Akaiendesha tena. "Usiguse kitu. Kuja nayo hivyohivyo."

Jumatatu tuliziweka mezani, simu kando ya kompyuta, tukabonyeza pamoja. Moja. Sufuri. Dada akafungua kanuni za lugha ya programu iliyotumika kuandika sehemu ile, akasoma polepole. Namba ya biti thelathini na mbili, ukiisogeza thelathini na mbili au zaidi, kitendo hicho hakina maana yoyote.

"Hii hesabu haina jibu," akasema. "Haijawahi kuwa nalo."

Yule mwandishi alikuwa ameiachia mashine swali, na kila mashine ilijibu kwa tabia yake. Ile moja tuliyoiamini muda wote, tukajenga juu yake, haikuwa imetoka popote.

Tukaandika upya. Kabla ya kusogeza, maktaba iangalie mpaka. Ukivukwa, iseme "haijulikani" na isimame hapo. Kompyuta ikasema haijulikani. Simu nayo ikasema hivyo. Nilitegemea moyo utulie.

"Tujaribu na kazi za watu," dada akasema.

Tukailisha msimbo ulioachwa wazi kwa yeyote kuusoma. Kwa muda ilikwenda vizuri. Kisha neno likaanza kutokea: haijulikani. Mistari ikapita mingi, halafu tena. Haijulikani. Nje waliadhini alasiri, na dada, ambaye sijapata kumwona akichelewa kuswali, alikuwa bado amesimama, kidole juu ya kioo.

"Hizi programu watu wanazitumia," akasema kwa sauti ndogo. "Hata saa hii, mahali fulani, ziko zinajibu."