Mwaka Tuliosali Bila Padri

Mume wangu aliondoka Jumanne asubuhi na gari la moshi la kwenda Kabalo. Alikuwa fundi wa reli. Walimwambia kuna daraja limelegea upande wa Nyunzu, atarudi baada ya siku nne. Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru, mji wetu wa Kalemie ukingali unaitwa Albertville, nami nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na binti mmoja mgongoni. Siku ya tano reli ilikatwa. Wiki mbili baadaye watu wenye bunduki waliingia mjini, na padri wetu akavuka ziwa kwenda Kigoma kwa boti ya mwisho.

Tangu hapo nikashindwa kukaa. Nilifagia ua mara tatu kabla jua halijakolea. Nilibandika maji ya bukari, ugali wetu, nikasahau, yakakauka. Kisha nilimbeba mtoto na kwenda stesheni.

"Leo tena, Mama?" mlinzi aliniuliza. "Hakuna kitu."

"Najua, Papa." Nami nikabaki nimesimama, nikitazama reli zilizokwisha kuanza kuota kutu.

Mama mkwe wangu, mwanamke wa milimani upande wa Moba, alikuwa akiishi nasi. Aliketi mlangoni akimenya muhogo, rozari shingoni, na utulivu wake uliniudhi.

"Mama, wewe hauogope? Ni mutoto wako!"

"Naogopa," alisema, akachukua muhogo mwingine.

Jumapili Wakristo wa kambi ya reli tulikusanyika kanisani peke yetu. Katekista alikuwa amekimbilia kwao Zongwe. Kati ya waliobaki, mimi ndiye niliyesoma kwa masista, kwa hiyo wakaniomba niongoze sala. Nilikataa. Mama mkwe akanivuta pembeni.

"Wazee hawaone maandishi. Wasomee tu."

Nikawasomea. Jumapili mbili mambo yalikwenda. Ya tatu, nilikuwa nikitanguliza Sala ya Bwana, wao wakifuata, nilipofika pale tunapomwambia Mungu kwamba atakavyo yeye ndivyo iwe. Ulimi ulikataa. Kanisa zima likangoja. Mtu alikohoa. Ndipo sauti ya mama mkwe ikasikika kutoka benchi la nyuma, ikayachukua maneno yale na kuyamaliza.

Njiani nililipuka. "Siwezi kusema vile! Kama yeye anataka mume wangu afe, mimi sitaki!"

Alisimama katikati ya barabara. "Nilipomuzika mutoto wangu wa tatu, nilikaa mvua mbili bila kusema maneno yale. Nilikwenda misa, nikifika pale nafunga kinywa."

"Na Mungu alifanya nini?"

"Sijui. Ni mimi nilichoka kunyamaza." Akaanza tena kutembea. "Jumapili ukifika pale, nyamaza. Lakini ukuje."

Nikaenda, nikanyamaza. Na jambo la ajabu, wiki ile mwanamke mmoja jirani, aliyekuwa amefiwa na mumewe siku mji ulipovamiwa, alikuja uani kwangu. "Mama, pale uliponyamaza, mimi nilisali kweli kwa mara ya kwanza," alisema. Akarudi siku iliyofuata na mwenzake, kisha wakawa watano. Hatukuwa na kitabu. Kila mmoja alimwambia Mungu alichokuwa nacho: mmoja aliomba chumvi, mwingine alilia tu.

Mimi nilisali nikitembea, kwenda stesheni na kurudi, na sikusali vizuri. Nilifoka. Siku moja, katikati ya reli, nilijisikia nikisema kwa sauti, "Jibu basi!" nikasimama, mtoto akashtuka mgongoni. Zamani nilisali kama mtu asomaye ubaoni. Sasa nilikuwa nagombana, na mtu hagombani na asiyekuwapo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa bunduki.

Jeshi la serikali liliutwaa tena mji mwisho wa kiangazi, lakini reli ilibaki kimya. Mvua za kwanza ziliponyesha, Jumapili moja, niliyasema yale maneno. Sikuwa nimepata habari yoyote. Niliyasema, na nilipotoka kanisani miguu yangu ilikuwa vilevile, haikutaka kukaa.

Mume wangu alirudi mahindi yakiwa magotini, kwa miguu, akifuata reli kutoka Nyunzu. Wakulima walikuwa wamemficha miezi yote ile. Nilipiga magoti matopeni nikimshukuru Mungu kwa kelele.

"Usimutaje mbele yangu," alisema.

Alitusimulia akiwa ameketi akiuelekea mlango. Wenzake wawili walikamatwa pale darajani. "Walikuwa wanasali, Mama. Mimi nilijificha kwenye matete, sikusali hata neno moja. Na ni mimi niko hapa."

Mama mkwe, ambaye hakulia miezi saba, alilia.

Jumapili sikumwomba mume wangu aje. Niliondoka na mtoto. Nikamsikia akija nyuma yetu hadi mlango wa kanisa, pale akamchukua binti na kuketi naye nje juu ya jiwe, chini ya dirisha. Ikawa hivyo mwaka mzima uliofuata. Padri mwingine alikuja mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine niliendelea kuongoza, na mume wangu hakuvuka kizingiti. Nilikuwa na hasira naye, na huruma, nikimsukuma Mungu kila siku kwa ajili yake.

Jumapili moja tukirudi nyumbani alitembea mbele yangu, binti begani, mpaka karibu na kambi. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Leo umesoma mbio sana. Wazee hawakusikia."

"Nitasoma polepole," nikamjibu.

Akamhamisha binti bega la pili, tukaendelea kutembea.