Kitabu cha Ukoo wa Mzee Han

Nilikwenda Eden Prairie, mji ulio ng'ambo ya mto Mississippi, kwa sababu Mzee Han aliniomba nimwambie kama babu zake ni wa kweli. Binamu yake alidai kitabu chao cha ukoo kilinunuliwa tu, kama familia nyingi za Korea zilivyofanya zamani ili zionekane za watu wakubwa. Nilimhudumia mzee huyo katika nyumba ya wazee Coon Rapids, kabla binti yake, Sunhi, hajamchukua kwake. Wakati wa chai aliniona nikinakili herufi za Kichina, ambazo vitabu vya ukoo vya Korea viliandikwa kwazo, akasema, "Wanangu hawajui hata moja." Sikumwambia kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kusahihisha daftari langu. Nilijifunza kwa vitabu vya maktaba.

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya Januari, niliondoka nyumbani, Fridley. Nilikuwa nimepitia orodha ya wafalme wa China mara sita. Mama alikuwa mezani akijaza fomu ya kanisa.

"Furaha, unaenda kusoma kitabu ao kufanya egzame?"

"Kusoma, mama. Si mtihani."

"Basi kula kwanza."

Kwenye daraja la Mississippi niliona mto umeganda. Katika karne ya kumi na saba Wamanchu walivuka mto ulioganda vivyo hivyo, pamoja na wapanda farasi wa Kimongolia, wakamlazimisha mfalme wa Korea kusujudu na kuiacha nasaba ya Ming ya China, aliyoiheshimu kama baba. Miaka michache baadaye Ming ilianguka, na Wamanchu wakaitawala China.

Saa tatu nikafika kwa Sunhi. Sunhi alinipa supu ya mkate wa mchele. Mzee Han alinawa, akavaa koti, ndipo akafungua kwa mikono miwili kitambaa kilichofunika kitabu.

Nilisoma polepole hadi kwa babu aliyeanzisha tawi lao. Mwaka wake wa kuzaliwa ulihesabiwa kwa utawala wa mfalme wa mwisho wa Ming, nao uliandikwa kuwa mwaka wa zaidi ya mia moja wa utawala huo. Mfalme yule alitawala miaka kumi na saba.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Nakiri, neno hilo hunishinda.

"Mwaka huu haupo. Aliyeandika hakuwajua wafalme."

Alikifunga kitabu. "Basi binamu yangu alisema kweli."

Sunhi akaniongezea supu. Niliaga kabla sijaimaliza.

Saa saba mchana nilikuwa nyumbani. Mama alinipa fomu niikague. Kwenye nchi ya kuzaliwa aliandika Zaire.

"Mama, nchi hiyo haiko tena."

"Ni ile nilitoka. Hiyo ingine sijaikanyaga."

Niliweka kalamu chini, nikafungua vitabu vyangu, mpaka kwenye maelezo ya herufi ndogo niliyozoea kuyaruka. Wakorea walipeleka kwa Wamanchu barua zenye miaka iliyohesabiwa kwa wafalme wa Wamanchu. Lakini makaburini na katika vitabu vya ukoo, wengi waliendelea kuhesabu miaka ya yule mfalme wa mwisho wa Ming, hata zaidi ya karne baada ya kifo chake.

Nilimpigia Mzee Han kabla woga haujanishika. Nikamweleza nilichosoma, na kwamba hilo halithibitishi kitabu. Sababu yangu ya kukikataa ndiyo ilikuwa ya kijinga.

"Kwa hiyo walioandika hawakukosea," akasema.

"Niliyekosea ni mimi." Nikamsimulia habari ya fomu. Alicheka hadi akakohoa.

"Njoo tena Jumamosi, kurasa bado ni nyingi. Na mama yako aje. Huyo ataelewana na babu zangu."

Safari hiyo imenifundisha kusema, "Sijui, nipe muda." Fomu ya mama niliirudisha kama ilivyokuwa.