Sentimita Tatu za Prizma ya Bei Nafuu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya serikali ya upimaji ardhi, sikuruhusiwa kugusa mashine yoyote. Fundi Sanifu Mkuu alinikabidhi ncha ya utepe wa chuma, akanipeleka Kivukoni kupima ukuta wa nyumba moja mara kumi. Jibu la tisa lilipotofautiana na mengine kwa upana wa kucha, nilisema kosa ni dogo.

"Dogo kwako, kijana," alisema. "Wewe unalala humu ndani?"

Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nilijifunza kwenye vijitabu vilivyokuja na mashine, kamusi ikiwa pembeni, nikapanda hadi fundi sanifu. Kisha ikaja biashara huria, na pamoja nayo orodha za wafanyakazi wa kupunguzwa. Jina langu lilikuwamo. Niliajiriwa na kampuni binafsi ya upimaji, Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Mwenye kampuni tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa na shahada, na alikuwa na haraka.

Mashine yetu ilikuwa ya mtumba, ya kupima umbali kwa mwanga. Inarusha mwanga, na upande wa pili mtu anashika fimbo yenye prizma, yaani kioo kizito kilichochongwa ili kurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Tulikuwa na prizma mbili, moja ikapasuka. Mkurugenzi akanituma nitafute nyingine ya bei nafuu. "Ya Ulaya usiniletee hata bei yake," alisema.

Nilikwenda kwa Mzee Jayanti, aliyeuza darubini na vioo vya maabara karibu na Gerezani. Alipanga prizma nne juu ya gazeti.

"Za China hizi, fundi. Zote sawasawa."

"Zingekuwa sawasawa, Mzee, ungenitolea moja tu."

Alicheka. "Haya, tazama. Wewe unachagua kama mtu anayeoa."

Prizma huchaguliwa hivi. Unafumba jicho moja na kutazama ndani. Ikiwa nzuri, mistari ya kioo inakutana katikati ya mboni yako, na ukisogeza kichwa mboni inabaki palepale. Ya kwanza ilinionyesha jicho lililokatika vipande. Ya pili rangi ya fedha ya mgongoni ilishaanza kubanduka. Ya tatu ilicheza ndani ya kikombe kinachoishikilia. Ya nne ilikuwa safi. Niliinunua, na mpaka leo nasema ilikuwa prizma nzuri.

Lakini kazi haiishii dukani. Mwanga hupunguza mwendo ndani ya kioo, na kila aina ya prizma inakaa kwa namna yake juu ya fimbo. Kwa hiyo mashine huwekewa namba ya kusahihisha kipimo, kulingana na prizma inayotumika. Nilipigilia misumari miwili kando ya ukuta wa karakana, nikapima umbali kati yake kwa utepe wa chuma, halafu kwa mashine. Prizma ya zamani ilitaka mashine ikate sentimita tatu kwenye kipimo. Mpya haikutaka ikatwe chochote. Niliandika SIFURI kwenye plasta ya hospitali, nikaibandika mgongoni mwake.

Mkurugenzi aliibandua siku hiyohiyo. "Mteja akiona plasta atasema tunapima kwa vitu vya mnadani. Andika kwenye rejista."

Niliandika. Wapimaji waliotoka asubuhi hawakusoma rejista.

Mwezi haukuisha. Mfanyabiashara mmoja alitaka kujenga ghorofa kwenye kiwanja kilichopakana na nyumba ya Bi. Zuhura, mjane aliyeishi kwa kodi ya vyumba. Wenzangu walipima mpaka kuanzia jiwe la kona ya mbali ya kiwanja hicho, wakatoa ripoti kwamba ukuta wa Bi. Zuhura umeingia kwa jirani sentimita tatu. Akapewa notisi ya kuubomoa. Ukuta ule ndio uliobeba vyumba viwili vya wapangaji.

Nilipoona tarakimu ile niliikumbuka plasta iliyobanduliwa. Mashine ikikata sentimita tatu isizopaswa kukata, husoma umbali mfupi kuliko ulivyo, na mpimaji husogeza kigingi mbele kwa kiasi hichohicho. Nilichukua utepe wa chuma, nikaenda peke yangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kunibomolea?"

"Nimekuja kupima upya."

Alinishikia ncha ya utepe mwenyewe, amepiga magoti kwenye mchanga. Ukuta ulikuwa ndani ya mpaka wake.

"Vipi?" aliuliza.

"Nitakuletea jibu, Bibi."

Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasukuma mbele yangu fomu ya kuthibitisha kwamba kazi ile imekaguliwa na ni sahihi, ambayo ilikuwa bado haijasainiwa.

"Prizma nani alinunua?"

"Mimi. Plasta uliitoa wewe."

"Plasta iko wapi? Mzee, huko serikalini walishakupunguza mara moja. Saini, au kesho usipande ngazi zangu."

Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nilisaini. Vyumba vilibomolewa. Bi. Zuhura aliuza kilichobaki na kuhamia kwa mpwa wake, Magomeni. Mimi nilifanya kazi pale miaka mingine kumi na moja, nikapandishwa cheo mara mbili.

Sasa nimestaafu. Vijana wa upimaji huniuliza prizma ya bei nafuu inafaa au haifai. Inafaa. Itazameni kwa jicho moja, ipimeni kwa utepe wa chuma, na namba yake msiiandike mahali ambapo aliye kiwanjani haioni.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Magomeni kumwambia Bi. Zuhura ukweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Alinitambua kabla sijavua viatu, akamwita mpwa wake kwa furaha.

"Njoo umwone! Huyu ndiye yule mpimaji niliyekusimulia. Katika wote wale, ni yeye tu aliyerudi kunipimia kwa haki."

Mpwa wake aliniamkia kwa heshima, akaniletea chai. Niliinywa yote, nikaaga.