Chini ya turubai kuna kinu, mume wangu anajua ni mashine ya boti

Admin, jina langu lifiche. Na nyie wa Newala mtakaonitambua, naomba mnyamaze tu, nimeshachoka.

Nina miaka arobaini na tatu na watoto watatu, mkubwa Zuhura yuko kidato cha nne. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa na boti ya kuvusha watu na mizigo mto Ruvuma, boti ya faiba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ni ya zamani, rangi imeshatoka, lakini mashine yake aliitunza kuliko alivyonitunza mimi, na sisemi kwa ubaya. Miaka mitatu iliyopita alianguka, akapooza upande wa kulia. Ndugu zake wakaipandisha boti huku juu Newala kwa lori, ikawekwa uani kwetu. Yaani huku tunakonunua maji kwa dumu, sisi tuna boti mlangoni. Majirani walinitania, "Mama Zuhura, nyie mnasubiri gharika?" Nilikuwa nacheka nao.

Kila asubuhi anakaa kibarazani anaiangalia. Wanunuzi walikuja, akawa anawatajia milioni sita, boti ambayo ukipata nusu ya hiyo unashukuru Mungu. Siku moja nikamuuliza, "Kwa bei hiyo nani atanunua?" Akanijibu kwa ule ulimi wake mzito, "Ndiyo maana nimeitaja." Nikamwelewa. Siku akiiuza ndiyo siku atakayokubali kwamba hashuki tena mtoni. Nikaacha kumsumbua.

Sasa kosa langu. Mwaka jana hali ilikuwa mbaya sana. Nina shamba la mikorosho Chiungutwa, nimepewa na mjomba wangu, lakini lilikuwa limekaa miaka miwili bila palizi wala dawa. Nikajiambia nikilihudumia msimu mmoja tu litatutoa. Baba Zuhura alipokwenda Masasi kwa dada yake wiki mbili kwa ajili ya mazoezi ya mkono, nikamwita fundi mmoja wa kule mtoni, nikamuuzia mashine kwa milioni moja na laki mbili. Bei ya kutupa, nalijua hilo. Nikamwambia, "Usiiuze kwa mtu, korosho zikitoka naikomboa." Akasema sawa mama, hakuna shida. Mnajua wenyewe huku kwetu, ada ya shule, bati, harusi, kila kitu ni korosho zikitoka.

Pale mashine ilipokuwa nikaweka kinu kibovu, nikakigeuza kichwa chini, nikakifunika turubai na kukifunga kamba vilevile alivyokuwa anafunga mwenyewe. Ukiwa kibarazani huwezi kutofautisha. Aliporudi aliangalia, akaridhika, akaomba chai.

Mikorosho ilipotoa maua ikanyesha mvua isiyo ya wakati wake, siku nne mfululizo. Dawa yote ikaoshwa, maua yakaungua yakawa meusi. Niliambulia magunia mawili. Nikampigia yule fundi, akaniambia mashine ilishavuka Msumbiji na aliyeinunua hapatikani. Basi nikanyamaza. Huu ni mwezi wa nane tangu kinu kikae pale, napita mbele yake kila siku najifanya sikioni.

Ningeendelea hivyo mpaka mmoja wetu afe. Lakini wiki iliyopita nilirudi na madumu mawili ya maji, moja kichwani, moja mkononi, nikateleza pale pale mlangoni, maji yote chini. Nikakaa kwenye tope nikalia. Jioni akaniita.

"Mama Zuhura, kaa. Tuuze boti."

Nikasema, "Milioni sita nani atatoa?"

"Milioni tatu. Mashine peke yake inafika hapo. Nunua simtanki kubwa, tukinge maji ya bati, uache kubeba. Mimi mtoni siendi tena, nimeshajua."

Akalia. Tangu aanguke sijawahi kumwona analia. Na mimi nikalia, akadhani tunalia kitu kimoja.

Mnunuzi amempigia mwenyewe, simu ameshika mkono wa kushoto. Ni mfanyabiashara mgeni, wa kutoka Mwanza. Nilimsikia huyo mgeni kwenye spika, "Shikamoo mzee, mashine inawaka lakini?" Akajibu, "Marahaba. Njoo Jumamosi uisikie kwa masikio yako." Kwa wasiojua, mashine ya boti ukiwa nchi kavu unaijaribu kwa kuitumbukiza kwenye pipa la maji. Akaniambia ninunue maji pipa zima, na petroli lita mbili, kamba ya kuwashia atavuta mwenyewe kwa mkono wake mzima. "Nataka niisikie mara ya mwisho," alisema. Nimenunua. Ningesema nini?

Anayejua ni Zuhura peke yake. Ananiambia, "Mama, sema imeibiwa." Mwizi gani huyo wa kuiba mashine halafu akaacha kinu kimefungwa turubai na kamba? Na nikisema hivyo, lazima jirani fulani atashukiwa bure. Daktari naye alishatuonya, presha yake haitaki mshtuko, akianguka mara ya pili huenda asiamke. Nikinyamaza ataanguka Jumamosi mbele ya mgeni. Nikisema ataanguka mbele yangu. Hata kama hataanguka, huyu mtu ameamua kuachana na mto wake kwa ajili ya mgongo wangu, na mimi nilishauuza mto huo kwa magunia mawili ya korosho.

Leo ni Alhamisi. Asubuhi amemwomba Zuhura amnyoe ndevu, eti mteja asimkute anaonekana mgonjwa. Ametabasamu kwenye kioo.

Nitukaneni, nimestahili, lakini kwanza nishaurini. Nimwambie usiku huu kwa mdomo wangu, au nimwache afungue turubai mwenyewe? Pipa liko uani limejaa mpaka juu, na amekataza mtu yeyote asichote.