Nyayo Nyuma ya Mahema

Kila kulipopambazuka, kabla hata hajawasha moto, shangazi, mpishi wa kambi yetu, alizunguka mahema akiwa ameinama. Jioni alikuwa ameufagia udongo ukalainika, ili asubuhi ajue nani kapita usiku: panya buku, ngedere, siku moja chui. Akishajua, ndipo anachemsha chai ya wageni waliokuja kutazama ndege wa msitu.

Asubuhi ile alikuta nyayo za mtu, pekupeku, nyuma ya hema la jikoni. Sufuria ya ukoko ilikuwa imekombwa. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Akazifuta nyayo zote kwa ufagio mpaka ukingoni mwa miti.

"Shangazi, mbona unafagia palipofagiwa?" askari wa hifadhi akamtania. "Kuna mchumba anakuja?"

"Mchumba gani wa kuvumilia moshi huu? Kunywa chai, mwanangu."

Kidole kile kilikatwa na shoka, na ni shangazi aliyelifunga jeraha kwa kitambaa. Mguu ulikuwa wa kitindamimba wake, aliyetoroka nyumbani wakati wa mvua. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba anatega kasuku.

Masikio akarudi mapema na wageni wake. Ndiye anayewaongoza, na tunamwita hivyo kwa sababu humjua ndege kwa sauti tu. Alikuwa akipiga mluzi wa kasuku tangu alfajiri, hakuna aliyeitika. Mkononi alishika kijiti kilichopakwa ulimbo wa kunasia ndege, manyoya yamegandia.

"Nimekitoa kwenye mkuyu mkubwa. Vimejaa huko."

Askari akaacha utani. Aliweka kikombe chini, akawaita wenzake. "Atarudi kuchukua ndege wake. Tunamsubiri palepale. Tukimwona, hatuulizi jina."

"Hata akiwa mtoto?" shangazi aliuliza, huku anakoroga uji.

"Mtega ndege hana utoto, shangazi."

Wakaanza kukagua bunduki. Msitu ulinyamaza hadi kila chuma kikasikika.

Shangazi akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia la mchele.

"Naenda kuokota kuni."

"Kuni si hizo hapo, shangazi?" Masikio akasema.

"Mbichi."

Hazikuwa mbichi. Akashika njia ya mkuyu, akitembea polepole mpaka miti ilipomfunika. Baada ya hapo tulisikia vijiti vikivunjika, haraka haraka, kisha basi.

Askari wakafuata njia ileile, na jioni walirudi, wakasema hawakukuta mtu. Bunduki tuliisikia sote. Shangazi hajarudi.