Likizo Isiyoguswa

Sina ugomvi na sheria, jamani. Ilikuwa sheria nzuri. Mtumishi wa serikali akiitwa jeshi la akiba, mshahara wake unaendelea na likizo yake haikatwi. Mume wangu, karani wa idara ya maji, alinituliza kwa maneno hayohayo asubuhi alipoondoka kwenda kulinda mpakani, kule mto Ruvuma unapoingia baharini. Wareno walikuwa ng'ambo, na wanajeshi hawakutosha. Mimi nikabaki Chuno, mtaani kwetu Mtwara, na mtoto mgongoni na masanduku yaliyokwisha kufungwa.

Maana tulikuwa tunakwenda kwao, Bukoba. Mama mkwe alikuwa mgonjwa, na alituomba kitu kimoja tu: amwone mjukuu wake. Na Mtwara ile, asiyeijua ni heri yake. Ndege ilikuwa ya wakubwa. Ukitaka kutoka kwa basi, utoke kiangazi. Mvua zikikolea, Rufiji inafurika, barabara hakuna, unakaa hapohapo na samaki wako.

Kiangazi kikapita. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda ofisini kupokea mshahara, sikudhulumiwa hata senti, na kila mara nilimuuliza mkuu wake wa kazi ni lini mume wangu atarudi. Mtu mpole yule, alinipa kiti. Alisema hilo liko mikononi mwa jeshi, ila nisihangaike.

“Likizo yake haijaguswa, mama. Ipo palepale.”

Nilimchukia kwa upole wake. Nilitamani anitukane, nipate mtu wa kugombana naye.

Mume wangu alirudi amekonda, ana homa, na mvua imeshaanza kupiga bati. Kesho yake ofisi ikampa likizo yake, yote. Tulifika Rufiji tukakuta maji mpaka upeo wa macho, kivuko kimesimama. Tulilala kwenye basi, tukasubiri, na siku za likizo zinakwenda. Mwishowe akasema turudi. Nikamfunga mtoto mgongoni. Nilikuwa nimechoka hata kulia.

Habari za msiba zilitukuta Mtwara, masika hayajaisha. Ofisi ikampa ruhusa nyingine, ya msiba, maana nayo ilikuwemo kwenye sheria. Tukasafiri barabara ilipokauka. Mawifi walinipokea mtoto mlangoni, wala hawakuingia naye ndani. Walikwenda naye moja kwa moja migombani, nyuma ya nyumba, wakamketisha kando ya kaburi.

“Mama,” wakasema, “mjukuu wako ndiye huyu.”