Ukanda wa Kuni

Mwaka 2012 nilikuwa mkalimani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nami nilijiona mtu mkubwa. Nilikulia Kanamkemer, Lodwar, na kichwani nilikuwa na Kiturkana cha nyumbani, Kiswahili cha shule, Kiingereza cha ofisini na Kiarabu cha Juba nilichookota kwenye foleni za kambi. Nilikaa kwa shangazi yangu, mjane, ng'ambo ya laga, yaani ule mto unaopata maji mvua ikikumbuka. Alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa. Kila asubuhi nilikunywa chai ya maziwa kisha nikaenda kazini.

Shangazi aliuza kuni. Wakimbizi wakitoka kukata miti walipigwa, kwa hiyo wanawake wetu ndio waliokata mathenge, ule mti wa miiba, wakapeleka mizigo kambini. Yeye alikuwa na mlango mmoja tu, wa mama kutoka Sudan Kusini, mjane pia, mrefu mpaka ilimbidi ainame kuingia nyumbani kwake. Mzigo mmoja kwa gorogoro moja, kopo la kilo mbili, ya mtama wa posho. Hawakuwa na lugha ya pamoja, na sikuwahi kuona ikiwasumbua.

Kuni zilifungwa kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi, na ukanda ulikuwa mali ya shangazi. Mama yule alibaki nao na mzigo, kisha akaurudisha umefunga kitambaa chenye mtama ndani. Maana yake: nimepika, leta tena. Nilimuuliza shangazi, ukirudi mtupu je? Akasema haujawahi kurudi mtupu.

Halafu watu wakagombana. Kijana wa kambini alimkuta mbuzi wa mwenyeji mmoja kwenye mboga zake akamkata panga. Kesho yake kijana mwenyewe akakutwa kwenye laga, akapigwa mpaka mkono ukavunjika. Nilitafsiri maneno ya pande zote mbili, na kila upande ulianzia hadithi pale ulipoumizwa. Wanaume wetu wakapiga marufuku kuuza kuni kambini. Atakayeuza atatoa mbuzi, achinjwe, aliwe na wote. Viongozi wa kambi nao wakakataza watu wao kununua. Wanaume walikubaliana vizuri sana juu ya jambo hilo moja. Wanawake wa kambini wakaanza kuchoma miguu ya vitanda, na kwetu tukaanza kulala na uji mwepesi.

Baada ya wiki kama mbili uji ukawa mzito tena. Sikuuliza. Asubuhi moja nilimfuata shangazi kwa mbali nikamwona anashusha mzigo nyuma ya kichaka kwenye laga, anaondoka bila kugeuka. Nikangoja. Mama yule mrefu akaja na dumu kama mtu anayefukua maji kwenye mchanga, akaweka ukanda wenye kitambaa, akabeba kuni. Hawakuonana hata kidogo. Jioni shangazi alipita pale kama anayefuata mbuzi wake, akauokota ukanda.

Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Mwezi huo ofisi iliitisha kikao cha amani, wenyeji mkono huu, wakimbizi mkono ule, soda katikati. Wote walizungumza kwa hasira, nami nikatafsiri hasira mpaka nikachoka. Mwishoni mkubwa wa ofisi akauliza kama kuna mfano wowote mzuri. Hakuna aliyeniomba, lakini nikasimama, nikasema wapo wanawake wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wanaopeana kuni na mtama kila wiki bila ugomvi. Sikutaja majina. Nilitaja kichaka. Mkubwa wa ofisi akapiga makofi. Wengine hawakupiga.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Siku ya tatu wanaume walikuja kumchukua mbuzi wa maziwa. Walikuja kwa adabu, wakasalimia, ejok, wakajibiwa, wakamfungua. Shangazi hakubishana, alijua sheria. Nilisimama pale na lugha zangu nne, nikaona aibu ambayo naiona mpaka leo. Walipokwenda nikaanza kueleza kwamba nilikuwa na nia njema, kwamba sikutaja jina.

Akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Kuongea umefundishwa. Kunyamaza ungefundishwa na nani?"

Hakulitaja tena jambo lile. Kilichobaki ni kwamba ukanda wake ulikuwa bado kambini na mzigo wa mwisho. Marufuku iliondolewa mwaka 2013, kimyakimya, maana kila mtu alikuwa na njaa au hana moto. Shangazi akakata kuni, akazifunga kwa kamba ya katani, akaenda kwenye mlango wake. Akakuta familia nyingine. Majirani wa mama yule walikuwa wamemtukana, wakimwita mke wa Waturkana, mpaka akahamia mwisho wa kambi, kwenye vumbi jipya.

Nilimpata mimi, siku ya posho, kwenye foleni. Nilimwambia kuni zinauzwa tena, na shangazi anamwulizia. Alinisikiliza, akaniambia nimngoje. Alirudi na ukanda, umekunjwa vizuri na kupakwa mafuta usikauke.

"Hii ya mama ya kuni," akasema kwa Kiswahili cha kuokota. "Mwambie mimi nashukuru. Lakini mimi hapana tafuta maneno tena."

Niliuweka mfukoni, nikavuka laga. Shangazi alikuwa ameketi jikoni. Nilimpa. Akaupitisha vidoleni toka mwanzo hadi mwisho, akanusa mafuta.

"Umekuja na mtama?"

Nikasema hapana.

Akaining'iniza ngozi ile ukutani, mahali pake pa zamani, akanimiminia chai. Ilikuwa ya rangi. Niliinywa yote.